Jamii si mtu mmoja: mwanaanthropolojia anafanya nini kwenye miradi ya Mtwara na Lindi

Mradi mkubwa unapofika kijijini, wataalamu wengi wanaoshuka kwenye gari hueleweka upesi. Injinia anapima njia ya bomba. Mthamini anahesabu mikorosho. Bwana misitu anazungushia mti futi kamba na kuandika unene wake. Halafu yuko mmoja anayeshinda barazani akiuliza mambo ambayo hayaonekani kuhusiana na bomba wala mti: shamba hili lilikuwa la mjomba gani, nani aliletwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji na nani alikuwepo tangu zamani, mwaka wa njaa mlikula nini, maji ya bamvua wanaokwenda pwani ni akina nani. Anaandika, anakunywa uji aliokaribishwa, kesho anarudi. Watu wanaulizana huyu naye kaletwa kufanya nini.

Mara nyingi huyo ni mwanaanthropolojia tumizi, au mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina lingine: mtaalamu wa masuala ya jamii, afisa uhusiano, mshauri elekezi. Anthropolojia ni taaluma ya kuchunguza maisha ya watu kwa kukaa nao, kujifunza lugha yao na kufuatilia wanachokifanya, siyo kusikiliza wanachokisema mkutanoni tu. Ikiitwa tumizi, maana yake ujuzi huo unapelekwa mahali pa uamuzi: kisima kichimbwe wapi, fidia alipwe nani, mpaka wa hifadhi upite wapi, mkutano uitishwe mwezi gani.

Ndani ya hayo yote kuna kazi moja kubwa, na miradi mingi imekwama kwa kuiruka. Ni kuonyesha kwamba ile "jamii" inayotajwa kwenye andiko la mradi ni watu mbalimbali, kila mmoja na faida yake na hasara yake. Andiko husema jamii imeshirikishwa, jamii imeridhia, jamii itanufaika. Mwanaanthropolojia anatakiwa aulize nani ndani ya kijiji hiki atabeba mzigo, na kama mtu huyo yupo kwenye kikao kinachoamua.

Huku Kusini swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu karibu kila aina ya mradi imeshapita kwetu: karanga za wakoloni, maji ya Wafini, hifadhi ya bahari, gesi, mpingo, na sasa kaboni, yaani kijiji kulipwa ili msitu usikatwe na uendelee kuhifadhi hewa ya ukaa.

Taaluma yenyewe haikuingia huku kwa wema

Tuanze na ukweli usiopendeza. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alishuka Lindi wakati majeraha ya Vita vya Majimaji bado mabichi. Alikwenda Masasi na Newala akiwa na askari wa serikali, akapiga picha, akanasa nyimbo kwenye santuri za nta, akakusanya vinyago na vyombo vya nyumbani. Mzigo ukaenda Ulaya. Watu waliokuwa wakimjibu maswali yake walikuwa wametoka kupigwa, na hapo hakuna anayeweza kuzungumzia hiari.

Waingereza nao, chini ya Gavana Donald Cameron kuanzia 1926, walitaka kutawala kupitia machifu. Juu ya Uwanda wa Makonde chifu mkubwa hakuwepo. Kila eneo, yaani chirambo, lilikuwa na mkulungwa wake, na mamlaka yake yalitokana na ukoo wa upande wa mama na heshima ya waliotangulia kufyeka pori lile. Serikali ilihangaika kumtafuta mtu wa kumvika kilemba. Huko Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa utawala Bruce Hutt walijaribu kushirikiana rasmi na kutoa kitabu mwaka 1935: afisa anauliza, mtaalamu anachunguza na kujibu. Kwa wakati wake ulikuwa utaratibu wa busara, ila una tundu kubwa katikati. Swali lilitoka bomani na jibu likarudi bomani. Mwananchi hakuwa na swali lake mezani.

Ndiyo maana baada ya Uhuru taaluma hii ilitazamwa kwa jicho la wasiwasi katika vyuo vingi vya Afrika, na mpaka leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaiweka idara moja na sosholojia. Ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1974 Benki ya Dunia ilimwajiri Michael Cernea, mwanasosholojia wake wa kwanza, na mwaka 1980 ikatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu watu wanaohamishwa kupisha miradi. Tangu hapo wafadhili wengi hudai ripoti ya jamii kabla ya kutoa fedha. Kwa hiyo yule anayekaa barazani kwako leo ni zao la historia mbili: ya kuwasaidia watawala wajue namna ya kutawala, na ya kuwazuia wenye fedha wasiwavunje watu. Ni halali kabisa kumuuliza yeye yuko upande upi.

Gharama ya kutouliza

Mpango wa karanga wa 1947 bado unatajwa Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3 katika maeneo yakiwemo Kongwa, Urambo na Nachingwea. Timu ya uchunguzi ilizunguka kwa wiki 9 mwaka 1946, sehemu kubwa kwa ndege. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikavutwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulifutwa kwa hasara ya takriban pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa.

Udongo, mvua na mashine ndivyo vilivyoangusha mpango ule, na sitadai kwamba mtu mmoja mwenye daftari angeuokoa. Ninachosema ni kwamba wakulima waliokuwa wakipanda karanga vipande vidogo kando ya mtama na muhogo, wakijua udongo upi unashika maji na upi unakuwa kama saruji jua likiwaka, hawakuhesabiwa kuwa ni chanzo cha taarifa. Walihesabiwa kama vibarua.

Maji yalikuja na somo la aina nyingine. Wamakonde wa uwandani waliishi juu, mbali na maji, kwa sababu huko juu kulikuwa na usalama dhidi ya wavamizi na ardhi nzuri ya kulima. Wanawake waliteremka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani. Kuanzia miaka ya 1970 Ufini ilifadhili miradi mikubwa ya maji Mtwara na Lindi, na pampu za mkono zikasambaa. Nyingi zilikuja kuharibika, na vijijini hapakuwa na vipuri wala mfuko wa matengenezo. Kamati za maji ziliundwa na wanaume, wakati anayejua pampu inaanza kukwaruza lini ni anayechota kila alfajiri.

Ufini ilijifunza. Mradi wake uliofuata, uliojulikana kwa kifupi kama RIPS, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye ukageuza mtindo: wanakijiji wachore wenyewe ramani ya kijiji chao chini, kwa vijiti, majani, mawe na punje za mahindi. Zoezi hilo linafaa kutazamwa kwa karibu. Wanaume wakichora peke yao, aghalabu huanza na barabara, shule, ofisi ya kijiji na mpaka na kijiji jirani. Wanawake wakichora peke yao, zinatokea njia za miguu, visima vya kiangazi, mahali pa kuni, nyumba ya mkunga, na ule upande wa pori ambako mtu hapiti peke yake. Kijiji ni kilekile, ila mradi utakaosoma ramani ya kwanza tu utaweka bomba kando ya barabara, magari yanapopita, na wachotaji wataendelea kuteremka bondeni.

Bahari isiyokuwa na mwenyewe kisheria

Mfano unaoniuma zaidi ni wa pwani.

Katika miaka ya 1990 uvuvi wa baruti ulikuwa unamaliza miamba ya matumbawe kuanzia Kilwa hadi mpakani Ruvuma. Wavuvi wa vijiji vya Kusini, kwa msaada wa RIPS, waliungana wao kwa wao kuupiga vita, wakaandaa mikutano, wakarekodi video za ushuhuda wao na kuzipeleka kwa viongozi. Hawa hawakuhitaji kufundishwa uhifadhi. Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja, na vijiji vimo ndani yake. Wengi waliipokea wakiamini ndiyo dawa ya baruti.

Baada ya muda mfupi malalamiko yakaanza, na Msimbati ikawa mahali pa mvutano. Ukiuliza ofisini, utaambiwa jamii haina uelewa. Vinay Kamat, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Canada, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika vijiji hivyo, aliandika kuhusu njaa na mateso yaliyofuata masharti ya hifadhi, na kichwa cha makala yake ya 2014 kinatokana na kauli ya wenyeji kwamba bahari ndiyo shamba lao. Tafiti za aina hiyo zimesaidia kuonyesha kwamba "uelewa" haukuwa tatizo.

Angalia sheria ya nyavu. Kupiga marufuku nyavu za matundu madogo ni uamuzi sahihi kwa samaki. Lakini nyavu za matundu makubwa zinafaa maji ya kina, na maji ya kina yanataka chombo kikubwa na mashine. Mwenye chombo anahamia mbele kidogo, maisha yanaendelea. Asiye na chombo, anayevua kwa miguu au kwa mtumbwi mdogo, amefungiwa shamba. Kisha kuna wanawake wanaotanda dagaa na uduvi maji mafupi kwa kitambaa au chandarua, na wale wanaosaka pweza na kuokota kome maji yakitoka. Hawa kwenye takwimu nyingi za uvuvi hawaitwi wavuvi hata kidogo. Hawana leseni, hawana chombo, hawauzi mnadani. Lakini kitoweo cha nyumba kinatoka kwao, na mboga ikikosekana wao ndio wanaokwenda kukopa. Kanuni inayogusa mita mia za mwanzo kutoka ufukweni inawagusa wao kabla ya mtu mwingine yeyote, na sijui kikao cha kupanga maeneo ya hifadhi kinaweza vipi kuitwa shirikishi ikiwa wao hawakuketi.

Hapa mwanaanthropolojia ana kitu halisi cha kutoa. Anakwenda pwani wakati wa bamvua, anahesabu nani anaokota nini na kinaishia sufuria ya nani, anarudi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi kwa sababu picha inabadilika. Kisha anaweza kusimama mbele ya mamlaka na kusema: fungeni mwamba huu wa pweza kwa miezi kadhaa, pweza hukua haraka na akina mama wataona faida msimu uleule, lakini msifunge ufukwe huu mwezi ule ambao akiba ya nafaka imekwisha. Huo ni uhifadhi unaokwenda sambamba na chakula. Unawezekana, na umefanyiwa majaribio ya kufunga miamba ya pweza sehemu mbalimbali za Bahari ya Hindi magharibi.

Tatizo lingine ni la kisheria, na watu wengi hawalijui. Ardhi ya kijiji inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Serikali ikitaka kuihamisha kwa matumizi ya umma, kama eneo halizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Ni ulinzi wenye mipaka, lakini upo. Bahari haimo humo. Mvuvi ambaye ukoo wake umevua mwamba uleule vizazi na vizazi hana hati, hana mipaka, na mthamini hana fomu yake.

Je, sheria za kimataifa za watu wa asili haziwezi kumsaidia? Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, azimio linalodai ridhaa ya hiari, ya mapema, inayotolewa na watu wenye taarifa kamili. Lakini haijaridhia Mkataba Namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1989, na msimamo wa Serikali ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa nchi hii. Wanaojitambulisha kwa jina hilo ni jamii kama Wahadzabe, Waakie, Wamasai na Wabarbaig. Mmakonde, Mmwera, Mmakua au Myao hayumo. Benki ya Dunia, kwa kanuni zake zilizoanza kutumika 2018, ilipanua lugha yake ihusishe pia jamii za jadi za Afrika zilizoachwa nyuma kihistoria, ili nchi zisizotaka kugawa raia wake zisikwame kwenye jina.

Mimi naiona hoja ya Serikali ina hekima ndani yake kwa upande wetu. Familia nyingi za Mtwara zimetoka ng'ambo ya Ruvuma kwa nyakati tofauti, na ukianza kuuliza nani alitangulia ili umpe haki zaidi, utawagombanisha majirani wanaozikana. Kisichokubalika ni kutumia usawa huo kama sababu ya kutomuuliza mtu yeyote. Ridhaa ya mapema na yenye taarifa inamfaa kila mwanakijiji, awe anaitwa wa asili au la.

Mkorosho mmoja, madai manne

Twende shambani, kwa sababu fidia ndiyo inayogusa watu wengi zaidi siku hizi.

Mthamini anafika na fomu. Mwenye shamba anasimama kando ya mkorosho, anashika kibao chenye namba, anapigwa picha. Mstari wa jina la mmiliki ni mmoja. Aliyesimama kwenye picha ndiye atakayelipwa.

Sasa angalia mti huo una habari gani. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ni watu wa ukoo wa mama. Kwa mila za Wayao na Wamwera mwanamume akioa mara nyingi alihamia kwao mke, na mali ya mtu ilirithiwa na watoto wa dada yake, siyo wa kuwazaa. Mila hii ilikwenda vizuri kwa mashamba ya kuhamahama ambayo hayana thamani baada ya miaka michache. Mkorosho ukaivuruga. Mti unazaa kwa miongo, aliyeupanda anaweza kufa ukiwa bado na nguvu, na wanaume wengi walioupanda walitaka uende kwa watoto wao walioupalilia na kuupulizia salfa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu nayo inawapa watoto fungu lao. Kwa hiyo mti mmoja unaweza kuwa umesimama kwenye ardhi ya ukoo wa mke, umepandwa na mume, unahudumiwa na watoto, na msimu huu umewekwa rehani kwa mtu wa jirani aliyetoa fedha za hospitali au za ada.

Fomu ina mstari mmoja. Malipo yanakwenda kwa baba, baba anaoa mke wa pili mjini au anafariki, na ukoo wa mama unabaki bila ardhi na bila fedha. Nimewahi kusaidia watafiti kufanya mahojiano ya namna hii, na nimeona jinsi mazungumzo yanavyobadilika mtu akiacha kuuliza "shamba ni la nani" na kuanza kuuliza "nani alipanda, nani anapalilia, nani anaokota, nani ana neno likitaka kuuzwa". Majibu yanatoka kwa watu wanne tofauti, na wote wanasema kweli. Ushauri unaotokana na hapo ni wa vitendo kabisa: tenganisha fidia ya ardhi na ya mazao, wanandoa wote wawili wasaini, mzee wa ukoo wa mama ashuhudie, aliyeshika rehani aandikwe. Inaongeza siku chache kwenye ratiba ya mradi na kuokoa ugomvi wa miaka.

Gesi ilionyesha upande mwingine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Ghuba ya Mnazi 1982. Ulipotangazwa mpango wa kuisafirisha kwa bomba hadi Dar es Salaam, Mtwara iliandamana Desemba 2012, na Januari na Mei 2013 zikatokea vurugu zilizogharimu maisha. "Gesi haitoki" ilisikika kila kona. Wachambuzi wa mbali waliona wananchi wasioelewa uchumi wa taifa. Mtu aliyekaa na wazee angesikia hesabu nyingine: reli ililetwa ikang'olewa, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilichukua miongo kukamilika kwa lami, vijana walitajwa kama wabeba mizigo wa jijini, na sasa hiki kimoja walichonacho kinapita mbele ya milango yao kwenye bomba. Bomba lilikamilika 2015. Taarifa za uhandisi zilikuwa tayari muda mrefu kabla; kumbukumbu za watu hazikuwa kwenye faili lolote.

Mila nazo zina watu ndani

Maafisa wengi wakija Kusini hulaumu unyago. Fedha za korosho zinaishia kwenye ngoma, wanasema, watoto wanakosa shule. Mwanaanthropolojia anatakiwa asikimbilie kulaani wala kutetea.

Akichunguza ataona kwamba shughuli ya unyago ni pia mfuko wa kukopeshana: khanga, nafaka na fedha ninazomtunza mwanao leo zinarudi wangu akitoka, na anayeshindwa kurudisha anapoteza heshima inayomfanya aaminike kwenye mambo mengine. Ukikata hilo bila kuweka kitu mahali pake, unawakata wanawake kutoka kwenye mikopo pekee wanayoiendesha wenyewe. Ataona pia kwamba wasichana wadogo wanaochezwa mapema wanaanza kuonwa na wanaume kama watu wazima, na kwamba hao wasichana hawana nafasi ya kusema chochote, si kwa kungwi wala kwa afisa. Hapa siwezi kuvumilia mtaalamu anayeficha hilo kwa kisingizio cha kuheshimu mila. Mila ya nani, na nani anaumia ndani yake, ni lilelile swali la pwani na la mkorosho.

Kuna mfano wa zamani unaofaa kukumbukwa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, hakupiga marufuku jando. Alikaa na wazee, akabakiza kambi, nyimbo nyingi na heshima ya tukio, akaingiza sala na mafundisho ya Kikristo. Alikuwa mmisionari mwenye malengo yake, na hilo lisisahaulike. Ila jando lilibadilika kwa kuzungumzwa na wenye jando. Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake na wenye mamlaka ya kanisa walikuwa wanaume wasioweza kuingia.

Misitu ya Kilwa na Lindi

Pale watu walipopewa uamuzi wa kweli, matokeo yameonekana. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Kilwa, vijiji vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa msitu, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo huo ndio unaotengenezewa klarineti Ulaya na kuchongwa vinyago vya Kimakonde huku kwetu. Kijiji kilichokuwa kikipata shilingi za kubembeleza kutoka kwa mfanyabiashara kikaanza kupanga bei.

Lindi, mradi wa kupunguza ukataji misitu uliofadhiliwa na Norway kati ya 2009 na 2014, na kuendeshwa na TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, pamoja na MJUMITA, mtandao wa vijiji vinavyosimamia misitu, ulijaribu kitu nilichokipenda: fedha za majaribio zililipwa kwa mtu mmojammoja hadharani, wanawake kwa majina yao, na mkutano wa kijiji ukaamua sehemu gani ibaki kwa shughuli za pamoja. Kila mtu aliona aliyelipwa na kiasi alicholipwa. Walioubuni walikuwa wameelewa kwamba fedha ikipitia ofisi moja, "jamii" inageuka kuwa watu watano.

Sasa yanakuja makampuni ya kaboni. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa 2022, na mikataba inayopendekezwa vijijini huweza kufunga matumizi ya msitu kwa miaka 30 au zaidi. Ni kipindi kirefu kuliko umri wa baadhi ya watakaohudhuria mkutano wa kuipitisha, na kitawabana watu ambao leo hawana sauti: mama anayechoma mkaa mifuko miwili kwa mwezi, kijana asiye na shamba anayetegemea kufyeka pori kwa ufuta, mganga anayechimba mizizi. Ukisomwa muhtasari wa dakika kumi kisha wanyooshe mikono, watanyoosha.

Mshauri elekezi anayeletwa kuandaa ripoti ya jamii hulipwa na mwenye mradi, na ripoti ni mali ya aliyelipa. Amepewa wiki chache badala ya misimu. Anazungumza Kiswahili na mwenyekiti, wakati bibi mwenye habari angefunguka kwa Kimakonde. Taarifa anazokusanya, pweza wako wapi, shamba gani lina ugomvi, zinaweza kutumiwa na mtu mwingine dhidi ya waliozitoa. Wapo wanaofanya kazi hii kwa uadilifu mkubwa na wamewahi kusimamisha miradi mibaya. Wapo ambao kazi yao imekuwa kulainisha watu wakubali. Kwa sura huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo kijiji kiulize. Kiombe mkataba usomwe wote, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu, na nakala ikae ofisi ya mtendaji siku za kutosha kabla ya kupigwa mhuri. Kiombe kikao cha wanawake peke yao na cha vijana wasio na ardhi peke yao, na maneno yao yaingie kwenye muhtasari kama yalivyosemwa. Na huyo mtaalamu wa barazani aulizwe waziwazi: nani anakulipa, ripoti yako tutaisoma kabla haijaondoka, na ukigundua mradi huu utaumiza baadhi yetu, una uwezo wa kumwambia aliyekutuma asimame? Jibu lake nalo liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na tarehe.